Kufuli Tatu: Shajara ya Luanda Kotieno, 2024

Jumamosi, 23 Machi 2024

Leo nimeshinda ufuoni na kina mama wa chama chetu cha akiba. Jua liliwaka tangu asubuhi, kwa hiyo omena, dagaa wa ziwa letu, walianikwa mapema, wametandazwa juu ya nyavu kuukuu kutoka vibanda vya kukaangia hadi karibu na gati la feri. Kwenye saa nane wingu likajikusanya upande wa kisiwa cha Rusinga. Hakuna aliyepiga kelele, wala hakuna aliyemtuma mwenzake. Mama niliyekuwa nimeketi naye aliweka kikombe chake chini, akashika ncha mbili za wavu, jirani yake akashika mbili za upande wa pili, omena wakaporomoka katikati kwa sauti ya mchele mkavu, turubai ikafuata juu. Kisha wakaenda wavu wa pili. Kisha wa mama aliyekuwa sokoni Ndori, ambaye hata habari za mvua hakuwa nazo. Tone la kwanza lilipoanguka, nyavu zote zilikuwa zimekunjwa, na nusu ya wenye mali hawakuwapo.

Nikauliza kama kuna hesabu inayowekwa, nani kamkunjia nani.

"Hesabu ya nini, Mwalimu? Kesho nitakuwa Ndori mimi."

Usiku huu nimekirudia kitabu cha Kropotkin alichokiacha kijana wangu likizo iliyopita, kile cha 1902 kuhusu kusaidiana. Huyu alizaliwa 1842 katika ukoo mkubwa wa kifalme huko Urusi, akaipa kisogo heshima yote hiyo, akafungwa, akatoroka, akaishi uhamishoni zaidi ya miaka 40. Akiwa kijana alizunguka Siberia, na pale ambapo wasomi wenzake walitarajia kuona kila kiumbe kikimla mwenzake, aliona makundi yanayovuka baridi kwa kushikana. Falsafa yake, ya watu kujiendesha bila watawala, ndiyo uanaki. Mtu akilisikia neno hilo hapa kwetu huwaza matairi yanayowaka barabarani. Mimi nikilisikia sasa nitawaza saa nane ya leo.

Jumatatu, 1 Aprili 2024

Jumatatu ya Pasaka. Usiku wa kuamkia leo ndio uliokuwa wa mwisho wa taa za wavuvi. Mtu akisimama hapa usiku wa giza wakati wa omena, ziwa huwa mji mwingine, wenye mitaa na njia panda zake. Sasa ni giza mpaka Mbita. Kuanzia leo hadi tarehe 31 Julai hairuhusiwi kuvua omena upande wa Kenya, wapate kuzaana.

Sheria imetoka serikalini, lakini wanaoilinda ufuoni ni watu wa BMU, kamati za fuo zilizoundwa kwa kanuni za 2007. Ndani yake wamo wenye boti, wavuvi wasio na boti na wachuuzi, na wanawake wana nafasi zao kisheria. Kitu hiki ni nusu chetu na nusu cha serikali, na ninaona kila siku jinsi nusu hizo mbili zinavyovutana. Jaduong', mzee mmoja wa kamati, aliniambia jana kwamba kumkamata mvuvi asiyejulikana ni kazi rahisi; kazi ngumu ni kumwambia mtoto wa ndugu yako arudishe wavu nyumbani.

Elinor Ostrom aliandika juu ya wavuvi wa Alanya, Uturuki, katika kitabu chake cha 1990. Walikuwa kama mia hivi, na walikuwa wakipigania mahali pazuri pa kutega. Baada ya majaribio mengi wakakubaliana. Kila Septemba wanaandika orodha ya sehemu zote za kutega, wanapiga kura ya bahati, kila mtu anapata sehemu yake ya kuanzia. Kisha kila siku kila mmoja anasogea sehemu moja upande wa mashariki hadi Januari, na kuanzia Januari wanarudi magharibi hadi Mei. Basi hata aliyeanzia pabaya atapita pazuri. Atakayetega pahali pa mwenzake ataonwa na mwenye haki ya siku hiyo, na wote watamsimamia, kwa sababu kesho ni zamu yao. Mama huyu alipewa tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, baada ya kutumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja bila kumngoja mtawala wala tajiri.

Ninaamini ziwa linahitaji kupumzika. Lakini miezi minne hii humuuma zaidi yule asiye na kitu kingine ila omena, na huyo ndiye asiyeulizwa. Amri ya haki iliyoletwa bila kuulizana hulindwa mchana tu.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Mkutano wa chama, chini ya mwembe, huku mvua ikitishia.

Sanduku letu ni la bati, limepakwa rangi ya buluu, lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu wanaoishi mitaa tofauti, na hakuna kati yao aliye mwenyekiti, katibu au mweka hazina. Sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Likifunguliwa, pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, noti baada ya noti, na kila mtu hutakiwa kukumbuka jumla ya mkutano uliopita kwa kichwa. Mwanamke ambaye hajasoma hata darasa moja anaweza kusimama na kusema, "Siyo hiyo." Nimeona ikitokea, na alikuwa na haki.

Vyama kama hiki viko maelfu Afrika Mashariki nzima. Mimi ninalipenda sanduku kwa sababu limetengenezwa na mtu aliyefikiri sana kuhusu tamaa. Halisemi wanawake hawa ni malaika, wala kwamba ni wezi. Linapanga mambo ili mmoja peke yake asiweze kuwa na wengine mkononi. Nilidhani zamani kwamba waanaki wanaamini binadamu ni mwema mno. Kwa kusoma zaidi naona kinyume: hawamwamini mtu yeyote kiasi cha kumpa funguo zote tatu.

Leo limezuka pendekezo kwamba niwe mwenyekiti "wa kudumu", kwa kuwa ninaandika vizuri na ninaweza kuzungumza na watu wa kaunti. Walisema kwa upendo. Nimewaomba tulizungumze msimu ukifunguliwa.

Jumapili, 5 Mei 2024

Maji yanazidi kupanda. Shule zilitakiwa kufunguliwa wiki iliyopita, hazijafunguliwa, mafuriko kote nchini. Hapa ziwa limeingia vibanda vya chini na kuzunguka nyumba tatu. Wazee wanabishana kama ni kama 2020, au kama ile gharika ya miaka ya uhuru.

Tangu alfajiri vijana wamekuwa wakihamisha vitu kwa boti ambazo kwa sasa hazina kazi ya omena. Kitanda, mabati, kuku ndani ya karai, mashine ya cherehani iliyofunikwa gunia. Mwenye boti mmoja, ambaye kwa kawaida hang'oi hata nanga bila malipo, alikuja mwenyewe na injini yake na petroli yake. Mama wa nyumba ya pili aliita kutoka mlangoni, "Baba, nitakulipa nini?" Akamjibu amshikie kamba.

Katika kitabu chake kingine, cha 1892, Kropotkin anakisifu chama cha mashua za uokoaji cha Uingereza: wavuvi na mabaharia wa kujitolea wanaoingia baharini kwenye dhoruba kuokoa watu wasiowajua, kwa michango ya watu, bila kuamriwa na serikali. Chama hicho kilianzishwa Machi 1824. Kimetimiza miaka 200 mwaka huu na bado kinaendeshwa sana na watu wa kujitolea. Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka kwenye ziwa hili hili, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisifiwa kwamba aliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia. Watu 24 walitoka hai. Hakuna aliyekuwa amemwandikia Majaliwa barua ya uteuzi.

Kuna watu watakaosema hiyo ni dharura tu, dharura ikiisha kila mtu hurudi kwake. Ni kweli hurudi. Swali langu ni kwa nini tunaita saa ile ya dharura jambo la ajabu, na siku nyingine zote za kuamriwa ndizo tunaziita za kawaida.

Ijumaa, 31 Mei 2024

Nimechelewa kuandika hili kwa sababu linanichoma.

Binti niliyemfundisha, mwerevu, aliyekuwa akisoma mashairi darasani kwa sauti iliyonyamazisha hata wale wa nyuma, yuko ufuoni sasa na mtoto mgongoni. Anakaanga mbuta. Samaki wamekuwa haba na wachuuzi ni wengi, na mwenye samaki huchagua nani apewe kwanza. Tunajua wote jinsi anavyochagua. Jaboya. Mwanamke hutoa pesa, na juu ya pesa hutoa mwili wake, ndipo karai lake lijae. Ukimwi ulipoingia fuo hizi ulipita njia hiyo, na makaburi yapo.

Hakuna chifu aliyeamuru jaboya. Hakuna kanuni ya kaunti, hakuna askari mwenye rungu. Kama uanaki ungekuwa tu kutokuwapo kwa serikali, basi hapa ungekuwa umekamilika, watu wazima wawili wakipatana bila kuingiliwa. Lakini hayo si mapatano. Mwenye boti akikataa, anaenda nyumbani kulala. Binti akikataa, mtoto halali kwa njaa. Mwenye njaa hakubaliani na mtu, anasalimu amri.

Hapa ndipo falsafa hii inaponidai jambo mimi binafsi. Kila ninapofurahia ushirikiano wa watu, inanipasa kuuliza nani kati yao hawezi kuondoka. Utawala wenye cheo unaonekana. Una ofisi na bendera. Utawala wa mwenye boti, wa mume mwenye shamba, wa mkopeshaji aliye rafiki, hauna bendera, na ndio unaokaa nasi mezani. Tendo la kwanza la ushirikiano, kabla ya kukunjiana nyavu, ni kumpa mwenzako uwezo wa kukukatalia.

Kina mama wa ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, walilielewa hilo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa msaada walioupata walimiliki boti zao, wakaajiri wanaume wawavulie, na mazungumzo yakabadilika kwa sababu aliyeshika karai ndiye aliyekuwa mwenye boti. Mafuriko ya 2020 yaliwaumiza sana. Hayaondoi walichokionyesha.

Nimeandika pendekezo: fungu la sanduku liwe la kununulia samaki kwa pesa taslimu, mkopo wa siku chache, bila riba, kwa mwanachama au asiye mwanachama, na asiulizwe sababu.

Alhamisi, 27 Juni 2024

Siwezi kufundisha vizuri wiki hii. Jumanne bunge liliingiwa na vijana waandamanaji, watu wakapigwa risasi, jana Rais akasema hatatia saini Mswada wa Fedha walioupinga. Kijana wangu alikuwa Kisumu barabarani. Amepiga simu, yu mzima, sauti imemkauka.

Watoto hawa wanasema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Serikali ilitafuta wa kumwita Ikulu ikamkosa. Lakini tazama walivyojipanga. Kuna walioutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, hata Kijaluo, wakausambaza kwa simu. Madaktari wa kujitolea walihudumia majeruhi, mawakili walikwenda vituo vya polisi bila malipo, watu wakachanga bili za hospitali kwa simu, shilingi mia, shilingi hamsini.

Nimewaambia wanafunzi wa kidato cha nne kwamba hapa kwetu si mara ya kwanza. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, wakakataa kipande, kile kitambulisho cha lazima, na kodi iliyopandishwa, na wakayaita madai yao Piny Owacho, nchi imesema. Mkutano ule haukuitishwa na machifu wa serikali. Baada ya miaka miwili harakati ile ilikuwa imepata mlezi, kasisi mkuu Owen wa Kianglikana, ikawa chama cha ustawi wa walipa kodi, chenye adabu na barua za heshima. Owen alikuwa mtu mwema, aliwatetea watu. Bado nasikitika. Nchi ilikuwa inasema yenyewe, ikapatiwa msemaji.

Ninawahofia vijana kwa mambo mawili: risasi, na walezi.

Jumapili, 14 Julai 2024

Mvua imekatika. Nimesoma siku nzima juu ya Ruvuma, kule Tanzania, na nataka kuiandika hapa nisije nikaisahau, kwa sababu ni hadithi yetu na watoto hawafundishwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wachache wa TANU Youth League, tawi la vijana la chama cha TANU, walikwenda Litowa, karibu na Songea, wakafyeka msitu wakaanza kijiji. Kiongozi wao aliitwa Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, waliamua pamoja kwenye mkutano ambapo kila mtu mzima alikuwa na sauti, na mavuno waligawana. Vijiji vingine vikaona, vikafuata, kila kimoja kwa hiari yake, mpaka vikawa kama 17, vimeungana katika Ruvuma Development Association. Walikuwa na mashine ya kusaga, msumeno wa mbao, ufumaji wa nguo, na shule iliyopangiwa mafunzo yanayofaa maisha ya kijijini. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao na familia yake akiwa mshauri. Mwalimu Nyerere, rais na kiongozi wa TANU, aliwapenda. Alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, alichokieleza kilikuwa tayari kinapumua Litowa.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho cha vijiji. Mali ikachukuliwa, watu wakatawanyika. Kosa lao lilikuwa kwamba maofisa wa mkoa walikuwa hawana kazi ya kufanya pale. Watu waliozoea kuamua mambo yao hawainuki mgeni mwenye gari akifika. Kuanzia 1973 ikaja operesheni ya vijiji, na mamilioni ya wakulima wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zikichomwa nyuma yao, waende wakashirikiane.

Ninamheshimu Mwalimu hata baada ya kusoma haya. Alikuwa ameandika wazi kwamba ujamaa haulazimishwi. Ndiyo maana inauma. Alijua, na chama chake hakikuweza kuvumilia kitu kizuri ambacho hakikuwa chini yake. Kwa kumfikiria yeye nimejifikiria mwenyewe. Uenyekiti wa kudumu unaotolewa kwa upendo, kwa mtu anayeandika vizuri na kuzungumza na wakubwa: baada ya miaka mitatu, nani angethubutu kusimama na kuniambia, "Siyo hiyo"?

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Msimu umefunguka juzi. Taa zimerudi majini na ufuo wote unanuka omena, harufu ambayo nilipokuja kuolewa huku kutoka Malindi iliniuma kichwa na sasa nikiikosa silali vizuri.

Mkutano ulikuwa mrefu, wa joto. Nimekataa uenyekiti wa kudumu na nikaeleza kwa nini, kwa mfano wa Alanya: tupige kura ya bahati, kila mmoja aendeshe chama miezi mitatu, mimi nimfundishe kila mwenye zamu kuandika daftari. Walipinga kwa hoja nzito. Mama mmoja alisema wengine ni wakali, wengine hulewa, na zamu zao zitatuvunja. Mwingine akajibu kwamba kufuli tatu zipo kwa ajili hiyo hiyo. Mwishowe tukapiga kura ya bahati kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa namba, na zamu ya kwanza ikamwangukia muuza mandazi ambaye tangu nimjue hajawahi kuzungumza mkutanoni. Alishika daftari kwa mikono miwili, akauliza peni iko wapi.

Fungu la kununulia samaki limepita. Kumi na moja waliunga mkono, wanne wakakataa, na tukakubaliana kwamba pesa za hao wanne zisiguswe na fungu hilo. Binti yangu wa mashairi amekuwa wa kwanza kukopa. Hakuulizwa sababu.

Kisha likaja lililo gumu. Mwenzetu mmoja, mwenye wateja wake wazuri Kisumu, akasema anataka kujitoa. Haoni faida ya kubeba wenye shida, afadhali afanye yake. Wengi walikasirika. Ikapendekezwa akatwe nusu ya akiba kama faini, ili wengine wasimfuate. Nilisimama nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia: chama ambacho mtu hawezi kutoka ni boti ya jaboya iliyopakwa rangi nyingine. Tulibishana mpaka jua likazama. Muuza mandazi, katika uamuzi wake wa kwanza, akauliza kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akajibu, na faini ikaanguka.

Jumamosi ijayo funguo zote tatu ziwepo. Tutamhesabia akiba yake yote mbele ya watu, na sehemu yake ya riba, na turubai aliyoinunua kwa mchango wake anakwenda nayo.